Kompyuta Niliyoipima Kwenye Baridi

Mikono yangu ilianza kutetemeka mwaka jana, nikiwa nimeshika prosesa, ubongo wa kompyuta, juu ya tundu lake. Aina niliyokuwa nayo siku hiyo ni ndogo kuliko biskuti, na tumboni ina mamia ya pini nyembamba kama nywele za mtoto mchanga. Pini moja ikipinda, umeharibu. Niliishika hivyo dakika nzima nikingoja mkono utulie. Haukutulia. Daktari alisema si ugonjwa wa kuua, ila hautaniacha. Nina miaka thelathini na minne. Wenzangu wa darasa moja ndio kwanza wanapandishwa vyeo, na mimi nimeshastaafu.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi mliochukua meza niliyoiacha hapa Meru mjini, na ninyi wa Embu mnaojifundisha kwa simu kama nilivyojifundisha mimi. Mmeniuliza mara nyingi mtu anunue vifaa gani akitaka kompyuta ya nyumbani ya bei ya chini, ya kazi na gemu kidogo. Nitawajibu. Nitawajibu kwa njia ndefu, kwa sababu majibu mafupi ndiyo yaliyonitia aibu kubwa kuliko zote nilizopata katika kazi hii.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilikuwa nafunga skrubu, nafunika kompyuta, kisha naifungua tena kuhakikisha nilizifunga. Nyaya za ndani nilizilaza kama nywele zilizosukwa, hata zile ambazo mteja hatawahi kuziona. Nilifuta alama za vidole kwenye kioo hadi kitambaa kikachanika. Watu walisifu usafi wa kazi yangu, na sikuwaambia kwamba ulikuwa woga. Mtu aliyesoma chuoni akikosea, husema kifaa kilikuwa kibovu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe akikosea, anahisi ameshikwa kama mwizi.

Nami nilijifundisha mwenyewe, nyumbani Laare, katikati ya mashamba ya miraa. Baba alitaka nifungashe miraa kama dada zangu, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Nilifungasha asubuhi, na mchana nikatazama video za watu wa mbali wakiunda kompyuta. Ya kwanza kuunda ilikuwa ya ofisi, iliyotumika ng'ambo ikauzwa huku. Niliitia kadi kubwa ya picha, ile ya kuchezea gemu nzito, bila kujua kwamba kisanduku cha umeme kilichomo ndani, kile tunachokiita pawa, hakikuwa na nguvu ya kuilisha. Niliwasha. Ikalia mlio mmoja mkali, kisha moshi.

Mama aliingia na ndoo ya maji.

"Mama, usimwage, ni stima," nikasema.

"Basi niimwagie nini?"

"Usimwage kitu."

Aliweka ndoo chini, akatazama ule moshi unavyopanda. "Nilimwambia baba yako huyu mtoto anataka kuwa fundi. Sikumwambia anataka kuanza na nyumba yetu."

Hapo ndipo nilipojifunza somo la kwanza, na ninyi mlichukue bila moshi: usianze na kadi ya picha. Mteja akikwambia gemu kidogo, muulize ni gemu gani. Usikubali jibu la jumla. Nimeuliza swali hilo kwa miaka mingi, na huku kwetu karibu kila mara jibu ni mpira, magari, au zile gemu za zamani ambazo vijana hucheza wakishindana na jirani. Kwa hizo hahitaji kadi. Mnunulie prosesa yenye uwezo wa picha ndani yake, na ile fedha ya kadi uipeleke kwenye mambo mengine.

Peleka kwenye ram, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, na ununue vijiti viwili badala ya kimoja kikubwa. Prosesa ya namna hiyo haina kumbukumbu yake ya picha, inaazima ya ram. Kijiti kimoja ni daraja la gari moja. Picha na kazi vinasubiriana. Vijiti viwili ni daraja la magari mawili. Nimeona gemu ya mpira iliyokuwa ikikwamakwama ikaanza kwenda vizuri kwa kuongeza kijiti cha pili tu. Kisha nunua diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka, hata iwe ndogo. Ile ya kuzunguka mwachie mteja aweke sinema zake.

Pawa usiichague kwa maandishi ya kwenye boksi. Maandishi ni ya bure. Ibebe mkononi. Ikiwa nyepesi kama kopo tupu, irudishe. Na ukinunua kompyuta nzima ya ofisi iliyotumika, ambayo mara nyingi ndiyo nafuu, omba ifunguliwe kabla hujatoa pesa. Nyingi zina pawa yenye umbo lake peke yake, na ikifa utaitafuta hadi uchoke. Tazama pia zile silinda ndogo zilizosimama kwenye bodi. Zikiwa zimevimba vichwa, aga kwa heshima uende.

Hayo yote ni ya kweli, na nilikuwa nayajua vizuri siku nilipoharibu. Ndiyo maana sitaki mdhani yanatosha.

Meza niliyoanzia kazi mjini ilikuwa nusu ya meza ya mtu mwingine. Fundi Mugambi alikuwa akitengeneza redio na televisheni karibu na soko, na alinipa upande wa ukutani kwa sharti kwamba nisiguse stuli yake. Alikuwa mzee wa maneno mengi. Mteja akileta redio, Mugambi hakuifungua. Alianza kuuliza. Inakaa jikoni au sebuleni? Mnapikia kuni? Ng'ombe mnawafunga wapi? Mama yuko? Mimi nilikuwa nikiinama kwenye kazi yangu nikiona aibu kwa niaba yake. Niliona ni umbea wa mtu aliyeanza kuzeeka.

Siku moja nilimwambia, "Fundi, yule mama alikuwa na haraka. Umemuuliza mpaka habari za ng'ombe."

"Redio yake ilikuwa na kupe ndani," akasema. "Ulitaka nimuulize habari za nani, za gavana?"

Nilicheka, na sikujifunza. Mimi nilikuwa na fomu. Nilikuwa nimeichapa vizuri, yenye mistari, na ilikuwa na nafasi ya jina, simu, kazi, gemu na rangi ya taa. Ilikuwa safi sana ile fomu.

Ndipo akapiga simu Ireri wa Kiambere.

Ireri alikuwa dereva wa lori la mchanga hadi siku lori lilipolala ubavu, likamvunja mgongo. Alipona kiasi cha kutembea kwa magongo na kukaa kitini kwa saa chache mfululizo. Alipata habari za kazi ya kuandika maneno ya sauti: unapewa mazungumzo yaliyorekodiwa, mikutano, mahojiano, na unayaandika neno kwa neno. Ni kazi ya mtu kukaa nyumbani. Alitaka kompyuta ya kazi hiyo, na akaongeza, kwa sauti ya kuona haya kidogo, kwamba mke wake Wawira anapenda gemu ya mpira.

"Yeye ndiye anapenda," sauti ya mwanamke ikasema kwa nyuma. "Mimi napenda kumfunga."

Niliiunda kompyuta ile kama ninayoiunda kwa ajili yangu. Prosesa yenye picha ndani, vijiti viwili, SSD, pawa nzito. Niliipandisha prosesa mwendo kidogo zaidi ya ulivyotoka kiwandani, ili mpira uende laini. Kisha nikafikiria kazi yake. Mtu anayesikiliza sauti za watu siku nzima anahitaji utulivu. Kwa hiyo nikachagua sanduku zuri la kioo mbele, lililozibwa pande zote, lenye feni moja tu inayotoa hewa moto juu, na feni hiyo nikaiweka iende polepole kabisa. Niliweka sikio juu yake. Kimya. Nilifurahi mpaka nikamwita Mugambi asikilize.

"Imekufa?" akauliza.

"Inafanya kazi."

Akainamia tena. "Inaenda wapi hii?"

"Kiambere, huko Embu ya chini."

Alifungua mdomo kuuliza kitu, mimi nikaanza kuifungasha.

Ulikuwa mwezi wa Julai. Mnajua Julai ya Meru. Ukungu ulikuwa unashuka hadi mlangoni, na nilikuwa nafanya kazi nimevaa sweta mbili. Niliipima siku mbili mchana kutwa, gemu ikienda, na kipimo cha joto hakikupanda hata kunitia wasiwasi, mimi ambaye huingiwa na wasiwasi kwa chochote. Niliituma kwa gari la mizigo hadi Embu, ikachukuliwa kutoka hapo. Ireri alipiga simu kusema imefika na inang'aa.

Miezi miwili alijizoeza kuandika, asubuhi tu. Mwishoni mwa Septemba akapata kampuni ya kumjaribu. Kampuni hiyo ilimpa siku ishirini za majaribio: kila siku aingie mtandaoni saa aliyopangiwa, mchana kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja, na amalize kazi aliyopewa. Akimaliza siku ishirini, anaajiriwa. Akikatika ovyo, anaondolewa. Kwa mtu aliyevunjika mgongo, anayeishi mahali ambapo kazi nyingine ni ya jembe, mchanga au kubeba, mlango mwingine wa namna hiyo haukuwepo. Aliniambia hivyo mwenyewe, bila kulalamika, alipopiga simu mara ya kwanza kusema kompyuta inazimika.

"Inazimika vipi?"

"Yenyewe. Saa nane hivi. Naiwasha, inakwenda dakika ishirini, inazima tena. Asubuhi haina neno."

Sasa nisikilizeni vizuri. Asubuhi haina neno, saa nane inazimika. Ningekuwa nimetulia, ningejua hapo hapo. Lakini nilichosikia mimi ni kwamba kazi yangu imelaumiwa, nikajibu haraka kama mtu anayeziba mlango.

"Ni stima yenu," nikasema. "Huko stima inacheza."

"Taa hazizimi, fundi."

"Inaweza kushuka bila taa kuzima. Na vumbi. Hakikisheni haiingii vumbi, muifunike vizuri."

Alisema asante. Hilo la asante bado linanirudia.

Alinunua stebilaiza ya kutuliza stima. Kompyuta ikaendelea kuzimika. Alipiga mara ya pili, nikasema labda stebilaiza ni dhaifu. Mara ya tatu akaomba kuirudisha kwangu, ingawa ingemkosesha siku tatu za majaribio. Alikuwa ameomba ruhusa na kampuni ikakubali kumngoja. Ilifika ikiwa imefungwa kwenye blanketi, kama mgonjwa.

Niliiweka mezani. Nje kulikuwa na manyunyu. Niliiwasha na kuicheza gemu siku nzima, kisha siku ya pili. Haikuzima hata mara moja. Niwaambie nilichohisi? Nilihisi ushindi. Niliandika kwenye karatasi ya duka, kwa mwandiko wangu mzuri, nikapiga muhuri: "Imepimwa kikamilifu. Haina hitilafu yoyote." Nikaituma pamoja na kompyuta.

Siku iliyofuata baada ya kufika, saa nane na robo, ilizima Ireri akiwa katikati ya kazi. Na kesho yake tena. Alikuwa amemaliza siku kumi na mbili kati ya ishirini. Msimamizi wake alimwandikia kwamba amesimamishwa, na kwamba akitaka kufikiriwa tena atume, kabla ya Ijumaa jioni, maelezo ya fundi kuonyesha kwamba tatizo lilikuwa la mashine. Karatasi pekee ya fundi aliyokuwa nayo Ireri ilikuwa yangu, na ilisema mashine haina hitilafu yoyote.

Hakunipigia yeye. Alinipigia Wawira, Jumatano asubuhi. Alinieleza yote hayo polepole, kisha akasema, "Umemfanya mume wangu mwongo kwa muhuri."

Alikata simu.

Mugambi alikuwa akila githeri kwenye stuli yake. Nilimweleza, na nilianza kwa kujitetea: vipimo nilivyofanya, saa ngapi, kiwango gani cha joto. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo nyumba umewahi kuiona?"

"Hapana."

"Umemuuliza ikoje?"

"Hapana."

Alifunika bakuli lake. "Basi wewe umepima duka langu," akasema. "Duka langu nalijua, lina baridi."

Kesho yake niliondoka Meru kukiwa na umande, nikabadilisha gari Embu, nikashuka na barabara hadi mahali ambapo sweta ilikuwa mzaha. Nilifika Kiambere kabla ya saa saba. Jambo la ajabu ni kwamba bwawa la kuzalisha stima liko karibu vile, na mimi niliwaambia watu wa hapo kwamba tatizo lao ni stima. Wawira alikuwa uani akipepeta ndengu, na vumbi la maganda lilikuwa likielea hadi mlangoni. Alinitazama nikifika na begi langu la vifaa.

"Umekuja kupima nyumba sasa," akasema. Lakini alinipa maji kabla sijaomba.

Ndani, chini ya mabati yasiyo na dari, joto lilikuwa linashuka kama mtu amekuwekea mkono kichwani. Ireri alijiinua kwa magongo kunisalimu, na nilimwomba akae. Kompyuta ilikuwa pembeni, imesukumwa hadi ukutani. Sikuiona mara moja, kwa sababu ilikuwa imevishwa. Ninyi mnajua nyumba zetu: viti vina vitambaa vya kufuma, redio ina chake, televisheni ina chake, na kitu kipya cha thamani hupewa kizuri kuliko vyote. Wawira alikuwa ameifumia kompyuta kitambaa cheupe chenye maua ya samawati, kilichoshuka pande zote kama gauni. Chini yake kulikuwa na cha pili, kinene.

"Hicho cha chini nilikiongeza ulipotuambia tuifunike," akasema.

Niliinua vyote viwili. Feni ile moja ya juu, niliyoifanya iende polepole kwa ajili ya ukimya, ilikuwa ikipulizia joto kwenye vitambaa, na vitambaa vikilirudisha ndani. Ubavu wa sanduku ulikuwa moto kama sufuria. Prosesa ikipata joto la hatari hujizima yenyewe isiungue. Ile maskini ilikuwa ikijiokoa kila saa nane, na mimi nilikuwa nikiiita nzima. Kwa Meru, ingeishi hata na vitambaa. Kwa Kiambere bila vitambaa, pengine ingevumilia. Mimi niliwapa sanduku la kioo, feni ya kunong'ona, mwendo wa kupandishwa, na juu ya hayo nikawaamuru waivishe blanketi.

Nilimweleza Ireri, nikijaribu kusema taratibu. Wawira alikuwa ameshika kitambaa chake mkononi, na nikaona anakitazama kama kitu kilichomsaliti.

"Si kitambaa," nikamwambia. "Ni mimi. Nilipaswa kuuliza, na nilipopigiwa nikasema mfunike."

"Mimi nilijua kitambaa hakina kosa," akasema. "Nilikifuma wiki mbili."

Nikafanya kazi. Niling'oa kioo cha mbele. Nilirudisha prosesa kwenye mwendo wake wa kiwandani. Nilipuliza maganda ya ndengu kutoka kwenye feni, nikaongeza feni ya pili ya kuvuta hewa mbele, nikazifanya zote mbili zikimbie. Niliitoa ukutani, nikaipandisha juu ya matofali mawili ili ipumue chini. Nilipoiwasha ikanguruma. Ule ukimya wangu ulikwisha, na nikaanza kumwomba Ireri msamaha kwa kelele, nikieleza kwamba nilitaka asikie sauti vizuri.

"Fundi," akasema, "nimeendesha lori la mchanga miaka tisa. Hiyo unaiita kelele?"

Sikuwa nimemuuliza hata hilo.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika chache. Tuliiacha ikicheza mpira, kwa kuwa gemu ndiyo inayoipa kazi nzito, na tukakaa kuiangalia. Wawira alimfunga Ireri mabao manne. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu. Mimi nilikuwa nimekaa nimeshika kipimo cha joto mkononi, na kila Wawira alipopiga kelele ya bao, niliruka.

"Huyu ana wasiwasi kuliko kipa wako," akamwambia mumewe.

Saa tisa na nusu ilikuwa bado inakwenda. Ireri akaweka chini kifaa cha kuchezea, akasema, "Sasa barua."

Nilitoa karatasi za duka, nikitaka kuandika kwa mkono na kupiga muhuri. Akasema hapana, itumwe kwa kompyuta, wewe sema, mimi nitaandika. Kazi yake ndiyo hiyo. Alivaa vile visikizio vyake kwa mazoea, kisha akacheka mwenyewe na kuvishusha shingoni. Vidole vyake vilikuwa vizito, vya mtu wa usukani, lakini vilijua vinakokwenda.

Nikaanza. "Kwa anayehusika. Kufuatia uchunguzi wa kina uliofanywa, imebainika kwamba huenda mazingira ya joto yalichangia—"

Akaacha kuandika. "Hiyo huenda, niiweke?"

Niligeuzageuza muhuri wangu mkononi.

"Mimi naandika mtu alivyosema," akasema. "Ukitaka huenda, naweka huenda. Lakini wataniuliza."

"Itoe."

"Na mazingira? Ni mazingira yaliyokosea?"

Wawira alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake. Mnielewe: nilikuwa sijawahi kuandika popote kwamba nimekosea. Biashara yangu ilisimama kwa jina la mtu ambaye kazi yake hairudi. Barua ikishatumwa haiko mikononi mwako. Inaweza kusomwa na yeyote. Nilihesabu hayo yote nikiwa nimekaa kwenye kiti cha watu, huku mwenye nyumba akisubiri na vidole juu ya vitufe, na kazi yake ikisubiri Ijumaa jioni.

"Andika hivi," nikasema. "Mimi ndiye niliyeiunda kompyuta ya Ireri. Niliiunda vibaya kwa mahali anapoishi. Aliniambia mara tatu kwamba inazimika mchana, na sikumwamini. Niliipima kwenye baridi, nikaandika kwamba haina hitilafu. Nilichoandika hakikuwa kweli. Yeye alisema kweli tangu siku ya kwanza."

Aliandika bila kuinua macho. Alipomaliza alinisomea yote, kwa sauti iliyonyooka, ile sauti ya mtu aliyefundishwa kutoongeza wala kupunguza. Nilisikia kosa langu likisomwa bila hasira na bila huruma, na lilikuwa fupi kuliko nilivyoogopa.

"Unabadilisha kitu?"

"Hapana."

"Jina?"

Nikataja jina langu lote, na la duka. Ilipotumwa ilikuwa saa kumi na dakika chache, na kompyuta ilikuwa bado inanguruma.

Wawira alinipa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, kwenye kopo nibebe njiani. Nililala Embu kwa rafiki, na Ijumaa nikarudi Meru, nikakaa mezani bila kufungua kazi yoyote. Mugambi hakuniuliza neno, jambo ambalo kwake ni heshima kubwa.

Jibu lilikuja Jumatatu. Ireri alinipigia mwenyewe.

"Wamekubali," akasema. "Naanza kesho. Siku ya kwanza."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikauliza, "Siku ya kwanza? Na zile kumi na mbili ulizofanya?"

Nilisikia feni zikivuma nyuma yake.

"Hizo zimeenda, fundi," akasema.